Punje Mia Moja za Maharagwe

Mwezi Juni 2024 vijana wa Kenya walifundishana sheria kwa simu. Mswada wa Fedha wa mwaka huo, hati nene iliyoandikwa kwa lugha ya mawakili, ulichambuliwa kifungu kwa kifungu katika video fupi. Wengine waliufasiri kwa Kiswahili na kwa lugha za mama, wengine wakaeleza ni kodi gani itamgusa mwenye duka, mwenye gari au anayenunua mkate. Tarehe 25 waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge jijini Nairobi, na watu wakauawa kwa risasi. Kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia saini mswada huo.

Wengi wa vijana hao walikuwa wamepita shule ya upili. Hatua za mswada kuwa sheria zimo katika silabasi ya somo la Historia na Serikali. Mwanafunzi huzikariri kwa mpangilio, kuanzia kusomwa mara ya kwanza hadi saini ya Rais. Mbona basi ililazimu wajifundishe upya, wakiwa wamekwisha kuvua sare? Jibu moja linapatikana katika namna masomo mawili yanayokaa jirani kwenye ratiba, Historia na Serikali na Jiografia, yanavyofundishwa kana kwamba hayajuani. Serikali husomwa kama orodha ya vyeo na majukumu. Jiografia husomwa kama orodha ya milima, mazao na viwanda. Katikati yao linapotea swali ambalo mwananchi wa kawaida huliishi kila siku: kwa nini kisima kilichimbwa kule na si hapa, na nani aliyeamua?

Uholanzi ni mfano mzuri. Mwanafunzi wa Jiografia nchini Kenya hufundishwa jinsi Waholanzi walivyoinyang'anya bahari ardhi. Ukuta wa Afsluitdijk, wenye urefu wa kilomita 32, ulikamilika mwaka 1932 ukaifunga ghuba ya Zuider Zee. Maji yakasukumwa nje kwa pampu, udongo ukapunguzwa chumvi, mashamba yakapandwa. Mtahiniwa huzitaja hatua hizo moja baada ya nyingine na kupata alama zake. Ni nadra aelezwe kwamba mpango ule ulikaa kabatini kwa miaka mingi hadi mafuriko ya Januari 1916 yalipowatia watu hofu; kwamba mhandisi aliyeuchora, Cornelis Lely, alikuwa pia waziri; kwamba Bunge liliupitishia sheria mwaka 1918; na kwamba hadi leo Waholanzi hupiga kura kuchagua mabaraza yanayosimamia kingo, mifereji na pampu, na huyalipia kodi yake mahususi. Bila sehemu hiyo ya pili, mwanafunzi anabaki akidhani kwamba nchi hukaushwa na mashine. Nchi hukaushwa na watu waliokubaliana nani alipe na nani asimamie.

Kenya yenyewe ina mfano unaoyafunga masomo haya mawili kwa kamba moja, na hauhitaji maabara wala kompyuta. Unahitaji maharagwe.

Mwalimu ahesabu punje 100, ziwe badala ya fedha za umma, na kuziweka mezani. Wanafunzi watatu wasimame mbele: mmoja awe kaunti ya Mombasa, wa pili Turkana, wa tatu Lamu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 Mombasa, 926,976 Turkana na 143,920 Lamu. Punje zikigawanywa kwa idadi ya watu peke yake, Mombasa anapata 53, Turkana 41 na Lamu 6. Zirudishwe mezani, zigawanywe tena, safari hii kwa ukubwa wa ardhi. Turkana ina zaidi ya kilomita za mraba 68,000, Lamu 6,200 na ushei, Mombasa 220 hivi. Sasa Turkana anazoa punje 91 na Lamu 8. Mombasa hesabu haimfikishi hata nusu punje. Ile moja inayosalia anapewa tu ili asiondoke mikono mitupu.

Hapo ndipo darasa linapochangamka. Mombasa atalalamika kwamba watu wake wamebanana, zaidi ya 5,000 katika kila kilomita ya mraba, na kwamba taka zao, maji yao na shule zao haziendeshwi kwa hewa. Turkana, mwenye watu 14 hivi katika kilomita ya mraba, atajibu kwamba gharama ya kujenga kilomita moja ya barabara haipungui eti kwa sababu wanaoipita ni wachache, na kwamba mgonjwa wake ana safari ndefu kabla ya kumwona daktari. Lamu atauliza ni nani anayefikiria nauli ya boti. Kila mmoja ana haki, na kila mmoja anadai punje zile zile. Mwalimu akileta kigezo cha tatu, yaani umaskini, mjadala unaanza upya, na wanafunzi wanagundua wenyewe kwamba hakuna mgawanyo usioacha mtu akinung'unika.

Huo si mchezo wa kubuni. Kifungu cha 203 cha Katiba ya 2010 kinaagiza kwamba kaunti 47 zigawiwe kwa pamoja angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa hesabu za mwaka wa karibuni zaidi zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa. Namna ya kuligawa fungu hilo baina ya kaunti hupendekezwa na Tume ya Ugavi wa Mapato, kisha Seneti huamua, kila baada ya miaka mitano. Mwaka 2020 maseneta walikwama. Wale wa kaunti zenye watu wengi walishikilia kaulimbiu ya mtu mmoja, kura moja, shilingi moja. Wale wa kaunti kame na pana wakasema hesabu hiyo itawanyima hata kidogo walichoanza kukionja tangu ugatuzi uanze 2013. Kikao baada ya kikao kilivunjika bila uamuzi. Maseneta watatu walikamatwa na polisi mwezi Agosti katikati ya mvutano huo. Mwafaka ulipatikana Septemba, baada ya serikali kuu kuahidi kuongeza fedha ili kaunti yoyote isipate pungufu ya ilichokuwa ikipata. Mwanafunzi aliyeshika punje za Turkana au za Mombasa atayaelewa magazeti ya mwaka ule vyema kuliko aliyekariri majukumu ya Seneti.

Na dunia inaingia hapo hapo kwa mlango wa mbele. Silabasi ya Kidato cha Nne inataka mwanafunzi alinganishe serikali za Uingereza, Marekani na India. Mara nyingi ulinganisho huo huishia kwenye majina ya vyeo. Lakini mtoto aliyekwisha kuona kwamba Lamu na Nairobi, yenye watu milioni 4.4, kila moja huchagua seneta mmoja, ana njaa ya kujua wengine wamefanyaje. Marekani kila jimbo lina maseneta wawili, liwe California lenye watu milioni 39.5 katika sensa ya 2020, au Wyoming ambalo halikufikisha hata laki sita. India ilichagua njia nyingine: katika bunge lake la juu, Rajya Sabha, jimbo la Uttar Pradesh lina viti 31 na Sikkim, jimbo dogo la milimani, lina kimoja. Uingereza nayo haiwachagui kabisa kwa kura za wananchi wajumbe wa House of Lords. Nchi nne, majibu matatu kwa swali la kale: tunahesabu watu au tunahesabu mahali?

Mipaka ya baharini ni somo jingine linalosubiri walimu wa kulishika. Mwaka 2014 Somalia iliishtaki Kenya katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague. Kenya ilidai kwamba mpaka wa bahari uende mashariki moja kwa moja kwa kufuata mstari wa latitudo. Somalia ilitaka mstari unaopita katikati ya pwani za nchi hizo mbili, ukielekea kusini mashariki. Hukumu ya tarehe 12 Oktoba 2021 ilichora mstari ulio karibu zaidi na dai la Somalia, ingawa ulirekebishwa kidogo kwa faida ya Kenya, na Kenya ikatangaza kwamba haiutambui. Katika bango la ukutani, tofauti ya mistari hiyo miwili ni pembe nyembamba tu. Kwa wavuvi wa Kiunga na wa visiwa vya Lamu, na kwa kampuni zinazotafuta mafuta na gesi, pembe hiyo ni eneo kubwa la bahari. Mwanafunzi akichora mistari yote miwili kwa rula na protrakta, anajifunza latitudo na sheria ya kimataifa kwa penseli moja.

Ramani yenyewe ya ukutani nayo inahitaji kuhojiwa. Nyingi zinafuata mchoro wa Gerardus Mercator wa mwaka 1569, uliotengenezwa kuwasaidia mabaharia kushika mwelekeo, na ambao hutanua nchi kadiri zinavyokaribia ncha za dunia. Humo Greenland huonekana karibu sawa na Afrika, ilhali Afrika ina kilomita za mraba milioni 30 na Greenland milioni 2.2 hivi, yaani Afrika ni kubwa mara 14. Njia rahisi ya kulionyesha hili ni chungwa: maganda yake yakilazwa mezani hupasuka, na anayetaka yasipasuke sharti ayavute. Mwezi Agosti 2025 Umoja wa Afrika uliunga mkono kampeni ya kuacha ramani ya Mercator na kutumia zinazoonyesha ukubwa halisi wa mabara, kama ile ya Equal Earth iliyotolewa 2018. Shule za umma za Boston, Marekani, zilianza kubadilisha ramani za madarasani tangu 2017. Mtoto wa Kiafrika anastahili kuliona bara lake kwa kimo chake, tena mapema.

Ukosefu wa vifaa si kisingizio kila mara. Mtihani wa Jiografia hutumia kipande cha ramani ya 1:50,000, ambapo sentimita mbili ni kilomita moja. Wanafunzi hupima urefu wa barabara iliyopindapinda kwa uzi: unalazwa juu ya barabara, unafuata kila kona, kisha unanyooshwa kwenye rula. Kazi hiyo hiyo ikifanyiwa ramani ya kata yao, na uzi ukaanzia nyumbani hadi kwenye zahanati, kisha hadi kwenye kisima, kisha hadi kwenye kituo cha kupigia kura, zoezi la mtihani linageuka kuwa ushahidi.

Lugha pia ina nafasi yake. Katiba ya Tanzania ya 1977 imeandikwa kwa Kiswahili, lakini kijana wa sekondari huko amekuwa akisoma uraia kwa Kiingereza, huku Kiingereza chenyewe kikiwa bado kinamtoa jasho. Somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili, ni hatua njema. Kenya ina tafsiri ya Kiswahili ya Katiba yake, na ingefaa nakala hiyo ikae darasani kando ya ile ya Kiingereza, isomwe kwa sauti.

Mwezi Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya wa Kenya waliingia Gredi ya 10, mwanzo wa sekondari pevu, kila mmoja akiwa amechagua mkondo. Historia na Uraia pamoja na Jiografia zimewekwa katika mkondo wa sayansi za jamii. Anayeelekea sayansi, teknolojia na uhandisi anaweza kuyaaga masomo hayo akiwa na miaka kumi na mitano au kumi na sita. Hili ni jambo la kuhangaikia. Mhandisi wa barabara na daktari wa maeneo ya mbali watafanya kazi maisha yao yote ndani ya bajeti na mipaka ya kaunti. Somo la huduma kwa jamii, ambalo ni la lazima kwa wote, linaweza kuziba pengo hilo iwapo shule hazitaligeuza kuwa siku ya kufagia soko.

Kalenda ya serikali ingetosha kuwa mpango wa kazi wa mwalimu. Kila mwaka, kufikia mwisho wa Aprili, makadirio ya bajeti ya kaunti huwa yamefikishwa katika bunge la kaunti, na kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge hilo kufanya shughuli zake hadharani na kuushirikisha umma. Kifungu hicho hakimdai mtu kadi ya kura. Darasa la Gredi ya 10 lililopima kwa uzi umbali wa kutoka kila kijiji hadi kwenye maji linaweza kuandika kurasa mbili, kuambatanisha ramani yake, na kuzipeleka kwa mwakilishi wa wadi kabla kamati ya bajeti haijaketi.