Kurabu: Mgeni Tunayemlisha Wenyewe

Wahenga walisema: kunguru mwoga hukimbiza mbawa zake. Kunguru waliyemsema ni yule wa kwetu, mwenye kifua cheupe na ukosi mweupe kama aliyevaa kanzu ya Ijumaa. Leo, msomaji, vuka Likoni ushike njia ya Diani mpaka Msambweni, umtafute kunguru huyo. Utakayemwona kwa wingi ni mwingine, mwembamba kidogo, mwenye shingo ya kijivu na kelele zisizokwisha. Watu wa pwani humwita kurabu, jina lisilo mbali na ghurabu ya Kiarabu.

Siku moja nilikuwa nimekaa barazani kwa mama mkubwa, Msambweni. Kuku wake alikuwa ameangua vifaranga tisa. Kabla ya adhana ya adhuhuri walikuwa wamebaki watano.

"Mwanangu," akaniambia, "mwewe hunyakua kimoja akenda zake. Huyu hunyakua, kisha akawaita jamaa zake."

Nikamuuliza kama hakujaribu kuwafukuza kwa mawe. Akacheka. "Nikiinama tu, wamekwisharuka."

Maneno hayo yalinitia hamu ya kujua habari za ndege huyu, nami nikakuta kwamba wataalamu wamemshughulikia kwa miaka mingi.

Asili yake ni Bara Hindi. Katika miaka ya 1890 aliletwa Unguja makusudi, wakati wa utawala wa Waingereza, ili ale taka za mji. Mwaka wa 1947 akaonekana Mombasa, na tangu hapo ameenea pwani yote. Ni msafiri wa meli pia: mwaka wa 1994 wawili walifika bandari ya Hoek van Holland huko Uholanzi, na kufikia 1997 walikuwa wamejenga kiota katika nchi ile ya baridi.

Mtaalamu Colin Ryall alimchunguza mjini Mombasa, na mwaka wa 1992 akachapisha matokeo yake katika Scopus, jarida la elimu ya ndege wa Afrika Mashariki. Alieleza jinsi kurabu anavyowawinda na kuwasumbua ndege wenyeji. Hutoa mayai na makinda viotani, na mnana, anayefuma viota vingi juu ya mti mmoja, huwa kama aliyemwandalia karamu. Basi anayesema siku hizi hasikii tena sauti za ndege alizozizoea utotoni asidhani ni masikio yake yaliyozeeka.

Na uzazi wake je? Jike hutaga mayai matatu mpaka matano, ya rangi ya buluu na kijani yenye madoa. Huyalalia siku kumi na sita au kumi na saba, kisha baba na mama hushirikiana kulisha makinda. Kwao Bara Hindi yuko ndege aitwaye koyal, ambaye wapenzi wa nyimbo za sinema za Kihindi wanalijua jina lake. Koyal hajengi, hutaga ndani ya kiota cha kurabu, naye kurabu kwa werevu wake wote akalea mtoto asiye wake. Huku kwetu koyal hayuko. Kurabu amevuka bahari, aliyekuwa akimhadaa akabaki ng'ambo.

Lakini si hilo lililo kubwa. Kubwa ni kwamba ndege huyu haishi mbali na binadamu. Hukai naye msituni ukamkuta ametawala; humkuta penye jaa, penye matumbo ya samaki yaliyotupwa ufukweni, penye makombo ya jiko la hoteli. Makinda yake hunenepa kwa vile tunavyotupa sisi.

Watu wamejaribu kumwua. Unguja, katika miaka ya 1990, walipunguzwa sana kwa mitego na sumu. Kazi iliposimama wakaongezeka tena. Juni 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuangamiza kurabu milioni moja. Sumu itumiwayo, Starlicide, huua polepole, ndege akafie mbali na chambo, wenzake wasijue kilichomwua.

Kwa nini hila yote hiyo? Kwa sababu kunguru hujifunza. Katika Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, John Marzluff na wenzake walivaa kinyago mwaka wa 2006 wakawakamata kunguru wa huko Marekani, kisha wakawaachilia. Miaka ikapita, na kila aliyepita na kinyago kile alizomewa, hata na kunguru ambao hawakupata kukamatwa. Mwaka wa 2015 Kaeli Swift, pamoja na Marzluff huyo huyo, wakaonyesha kwamba kunguru humkusanyikia mwenzao aliyekufa na kujifunza hatari iko wapi.

Sisi tuliosoma chuoni hatushangai sana. Katika Suratul Maida tulisomeshwa habari ya wana wawili wa Adamu, na kunguru aliyetumwa kuifukua ardhi ili muuaji aone namna ya kumsitiri nduguye. Ni kweli pia kwamba hadithi mashuhuri yamtaja kunguru miongoni mwa waharibifu watano wanaoruhusiwa kuuawa hata ndani ya Haram. Basi ruhusa ipo. Lakini ruhusa ya kuua haiondoi wajibu wa kufagia, na Mtume ametufundisha usafi kabla ya kutufundisha vita.

Nilirudi kwa mama mkubwa nikamweleza haya yote. Akasikiliza, kisha akatazama nyuma ya jiko lake, palipokuwa na vichwa vya samaki na maganda ya mihogo. Hakusema neno. Akachukua jembe, akachimba shimo, akavifukia, na vifaranga watano waliobaki akawafunikia tenga.

Wahenga hawakukosea. Kurabu naye ni mwoga, na woga wake ndio elimu yake. Tutaendelea kumrushia mawe, naye ataendelea kukimbiza mbawa zake. Ila jaa halina mbawa. Hilo tunaweza kulishika leo.