Goma: Kituku, boti ya familia inahitaji mikono mingi na sauti moja

Saa kumi na mbili asubuhi, ufuo wa Kituku mjini Goma umekwisha kujaa. Akina mama wanateka maji kwa bidoni za manjano, chukudu zinangoja mizigo, wanunuzi wa sambaza wanaitana, na boti kutoka Minova na Ijwi zinatafuta nafasi ya kuingiza pua. Katikati ya watu hao wote, familia moja inataka kushusha boti yake ziwani.

Ni boti ya mbao, mita nane hivi. Ilipandishwa wiki moja mbele ili mafundi wazibe nyufa kwa pamba na lami. Ndiyo inayobeba ndizi na mihogo ya familia kutoka Ijwi, ndiyo pia inayolipa minervali ya watoto wanne. Ikipasuka hapa, hakuna asiransi ya kuirudisha. Na mawe ya ufuo huu si mchezo: ni mawe meusi ya volkano, makali, yanakwangua mbao na miguu bila kuchagua.

Kosa tuliloliona mara nyingi asubuhi hiyo ni la kuanza matayarisho wakati boti iko tayari kwenye ukingo wa maji. Mtu anasukuma mpaka pale, ndipo anakumbuka kutafuta kamba, anatuma mtoto kununua esanse, anahangaika na moteri inayokataa kuwaka. Nyuma yake watu watatu wanangoja nafasi ileile. Matusi hayachelewi.

Muzee wa familia hii aliwapanga wanawe pembeni kwanza, mbali na njia ya wabebaji. Esanse ilitiwa kwenye tangi hapo hapo. Kamba mbili zilifungwa, moja mbele na moja nyuma, na kopo la kutolea maji likawekwa ndani. Moteri ilibebwa begani na kijana mmoja, kwa sababu itafungwa tu boti ikishaelea: helisi ikigusa jiwe inavunjika, na helisi mpya inakula faida ya safari nyingi.

Kisha magogo ya mikaratusi yalipangwa chini ya boti. Mtu mmoja tu ndiye alikuwa anahesabu; wengine wote walisukuma na kunyamaza. Gogo lililobaki nyuma lilikimbizwa mbele. Hakuna aliyeruhusiwa kusimama mbele ya boti kwenye mteremko, hata jirani aliyekuja kusaidia kwa moyo mzuri. Mtoto wa mwisho alipewa kazi moja: kushika kamba ya nyuma na kutoiachilia. Boti ikielea haina breki, upepo kidogo tu unaigeuza ubavu na kuigongesha kwa boti ya mwingine.

Ilichukua dakika chache. Waliokuwa wanangoja walisaidia kusukuma. Nadhani nusu kwa upendo, nusu kwa sababu walitaka nafasi.

Kurudi ndiko kugumu. Mchana upepo umeamka, abiria wamechoka, kila mmoja anataka kushuka wa kwanza, na wabebaji wanaingia majini mpaka kifuani kugombania mizigo kabla boti haijasimama. Wakaaji wa Goma hawahitaji kuelezwa hatari ya mita hizo za mwisho. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi ilizama karibu kabisa na Kituku, watu wa ufuoni wakiiona. Siku zile vita vilikuwa vimekata barabara ya Sake, na ziwa ndilo lilikuwa njia iliyobaki. Merdi ilikuwa kubwa kuliko boti ya muzee huyu, lakini uzito haujali ukubwa: watu wakihamia upande mmoja kwa pamoja, boti nayo inawafuata.

Kwa hiyo muzee alizima moteri mapema, akaiinua, akaingia kwa kafi. Alitupa kamba ya mbele kwa mwanawe aliyekuwa kwenye mawe, akangoja mpaka imefungwa. Wabebaji wawili walioshika ukingo wa boti aliwafukuza kwa ukali ambao hakuwa nao asubuhi. Watu walibaki wamekaa. Walishuka mmoja mmoja kupitia pua, kisha mizigo, na boti ilipokuwa nyepesi ndipo magogo yakarudi chini yake.

Kitu kimoja hakikutupendeza. Jile za kuokoa maisha zilikuwa tatu, na zote zilikuwa zimekaliwa kama mito.

Boti ilipofika juu, kijana mdogo aliyafunga magogo kwa mnyororo kwenye mti, kufuli mbili. Huku Kituku, gogo zuri likilala nje usiku, asubuhi linakuwa limepikia mtu maharage.