Reli za Vitongojini (2): Kilomita 93 za Los Angeles

Juma lililopita tuliliacha gari la mwisho la abiria la Pacific Electric, kampuni ya treni za umeme ya Los Angeles, likiingia Long Beach mwezi Aprili 1961. Mtandao ambao enzi zake ulikuwa na zaidi ya kilomita 1,600 za reli ulikwisha hapo, na watu wa Los Angeles wakahamia kwenye magari yao. Lakini mazishi yale hayakuwa kamili. Waya ziliondolewa, magari yakauzwa chuma chakavu, ila ardhi ilibaki.

Ardhi ndiyo habari yenyewe. Anayejenga reli ndani ya mji hasumbuliwi sana na chuma wala mataruma, chuma hununuliwa. Kinachomtoa jasho ni mahali pa kuyalaza. Sisi tunaijua ile alama ya X nyekundu kwenye ukuta wa nyumba inayotakiwa kubomolewa: fidia, kesi, machozi, na miaka kupita. Los Angeles iliepuka sehemu kubwa ya adha hiyo kwa sababu hifadhi ya reli ya zamani haikuvamiwa. Kati ya mji na Long Beach treni za mizigo za Southern Pacific ziliendelea kupita humo, na reli ikitumika hakuna anayethubutu kujenga kibanda juu yake.

Kwa hiyo wapiga kura walipokubali mwaka 1980 kukatwa senti nusu katika kila dola ya manunuzi ili zijengwe reli, njia ya kuanzia ilikuwa ikingoja. Tarehe 14 Julai 1990 treni za Blue Line zilianza safari, na njia ilipokamilika ikawa na kilomita 35, sehemu kubwa ikiwa palepale pa Pacific Electric.

Reli ya aina hii huitwa “reli nyepesi”, na hapa nisimame kidogo kwenye neno “nyepesi”, maana linapotosha. Gari moja la treni hizi lina uzito wa zaidi ya tani 40. Wepesi unaosemwa ni wa mzigo linaoweza kuuchukua na wa masharti yake: hukata kona kali, hupanda miinuko ambayo treni ya mizigo ingeikataa, huchukua umeme wa volti 750 kutoka waya wa juu, na likibidi hushuka barabarani na kusubiri taa nyekundu pamoja na magari mengine. Stesheni zake ni fupi vilevile. Jukwaa lina urefu wa mita 82 hivi, yaani magari matatu yaliyounganishwa basi. Kuongeza la nne kungetaka stesheni zijengwe upya. Wepesi huo hupunguza gharama siku ya kujenga, kisha hudai deni lake siku abiria wanapojaa.

Njia ya pili ilielekea Pasadena, mji wa vilimani kaskazini-mashariki. Nako kulikuwa na hifadhi ya zamani, ya kampuni ya Santa Fe, iliyopitisha treni tangu miaka ya 1880. Mamlaka ya usafiri iliinunua mwanzoni mwa miaka ya 1990, na treni za masafa marefu zikahamishiwa njia nyingine Januari 1994. Ardhi ikawa tayari. Fedha zikakosekana.

Wakati huo Los Angeles ilikuwa ikichimba reli ya chini ya ardhi, na madeni yalikuwa yamefika shingoni. Kulikuwa pia na ugomvi mwingine, ambao mimi naona ulikuwa na haki ndani yake. Abiria wa mabasi, wengi wao maskini, walikuwa wamekwenda mahakamani mwaka 1994 wakihoji kwa nini wao wasimame wakibanana ndani ya mabasi machakavu huku fedha zikimwagwa kwenye reli. Mwaka 1996 mamlaka ilikubali mbele ya mahakama kuboresha mabasi kwa miaka kumi. Mapema 1998 kazi ya reli ya Pasadena ikasimamishwa. Novemba mwaka huohuo wapiga kura walikataza kodi yao ya mauzo isichimbie tena mahandaki.

Aliyeikwamua Pasadena ni mwanasiasa kijana katika seneti ya jimbo la California, Adam Schiff, ambaye sasa ni seneta huko Washington. Sheria aliyoipeleka mwaka 1998 iliinyang'anya mamlaka kuu kazi ya ujenzi na kuikabidhi kwa chombo kidogo chenye shughuli moja tu: kumaliza reli hiyo. Tarehe 26 Julai 2003 Gold Line ikafunguliwa, kilomita 22 kutoka stesheni ya Union Station katikati ya mji.

Anayeipanda leo ataonja sura zote za reli nyepesi ndani ya safari moja. Katika mtaa wa Highland Park treni hunyata kwa kilomita 32 kwa saa mbele ya milango ya watu. South Pasadena wakazi walilalamikia kengele zake hadi wakachoka. Kwenye stesheni ya Del Mar treni hupenya katikati ya jengo la makazi. Halafu inaingia kati ya njia za barabara kuu ya 210, na hapo hukimbia karibu kilomita 90 kwa saa huku magari yakiwa kwenye foleni pande zote mbili.

Kutoka hapo kwenda mashariki kulitegemea sanduku la kura. Fedha zilitafutwa kwenye kodi ya mauzo, kwa hoja za kupigiwa kura, na California hudai theluthi mbili ya kura kwa kodi ya namna hii. Hoja R ya 2008 ilivuka kiwango hicho kwa shida. Hoja J ya 2012 ilipata zaidi ya asilimia 66, na ikaanguka. Hapo ndipo mtu anaelewa maana ya sehemu ya asilimia. Fedha za R ndizo zilizoipeleka reli kilomita 18.5 hadi Azusa, ikafunguliwa 5 Machi 2016. Hoja M ikapita Novemba mwaka huo.

Mbele ya Azusa kulikuwa na kikwazo kisichoonekana kwenye ramani. Treni ya mizigo ilikuwa bado inatumia hifadhi ileile, na sheria za Marekani haziruhusu reli nyepesi ichangamane nayo, kwa kuwa gari jepesi halikuundwa kuhimili kugongwa na kichwa cha dizeli. Wajenzi walilazimika kwanza kuisogeza reli ya mizigo, ndipo walaze ya kwao kando yake. Stesheni nne, hadi Pomona, zilifunguliwa 19 Septemba 2025.

Katikati ya mji nako, reli za Long Beach na Pasadena hazikuwa zimeonana. Abiria alishuka, akapanda reli ya chini, akashuka tena. Handaki la kilomita 3 lililofunguliwa 16 Juni 2023 liliziunganisha kwa takriban dola bilioni 1.8. Pale hapakuwa na hifadhi ya kurithi. Njia ikawa moja, A Line, ambayo sasa ina kilomita 93, ndefu kuliko reli nyepesi yoyote duniani.

Sifa hiyo mimi sioni kama ina faida kwa abiria. Mwisho hadi mwisho ni zaidi ya saa mbili, na ni nadra mtu kuumaliza mwendo wote. Isitoshe, gari likikwama kwenye kivuko cha reli kule Long Beach, anayesubiri Azusa hulipia kwa kuchelewa.

Mji unaofuata baada ya Pomona ni Claremont, halafu Montclair. Mipango ya kufika huko ilikuwepo, lakini zabuni za 2018 zilikuja juu mno, ujenzi ukakatwa Pomona. Claremont imo ndani ya Kaunti ya Los Angeles, na wakazi wake wamelipa kodi ya Hoja R tangu Julai 2009. Montclair iko ng'ambo ya mpaka, Kaunti ya San Bernardino, ambako Hoja R na Hoja M hazikupigiwa kura.