Krismasi ya Kibugu haianzi Desemba

Kila mwaka, Novemba inapokaribia ukingoni, mimi na mume wangu tulikuwa tukizozana juu ya jambo lile lile: twende lini Kibugu? Yeye ni mtu wa hesabu, na mtu wa hesabu hupenda mambo yenye mwanzo na mwisho unaojulikana. Kwake Krismasi ni tarehe 25. Basi safari ni tarehe 24, na marejeo ni tarehe 27. Mimi nami, ijapokuwa nilikuwa nikinung'unika, nilimwachia ashinde, kwa kuwa mhadhiri katika mwezi wa Desemba ni mtumwa wa karatasi. Insha za wanafunzi huja kwa mafungu, na kila fungu lina tarehe yake ya kurudishwa.

Kwa msomaji asiyepafahamu, Kibugu ni mahali katika kaunti ya Embu, juu ya mji wa Embu wenyewe, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, huko ambako mashamba ya kahawa hukutana na mashamba ya majani chai. Mimi si mzaliwa wa huko. Kwetu ni Chuka, upande wa Meru, nami nilikwenda Kibugu kwa ndoa. Kiembu nilijifunza nikiwa mtu mzima, kwa kuuliza na kuchekwa, na mpaka leo mama mkwe wangu husema kwamba ninakizungumza kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake.

Mwaka 2022 tulisafiri mkesha wa Krismasi kama ilivyokuwa ada yetu. Kutoka Nairobi hadi mjini Embu ni zaidi kidogo ya kilomita 120, mwendo wa saa mbili na nusu au tatu siku ya kawaida. Siku hiyo tulitoka alfajiri na tukafika jioni. Barabara kutoka Kenol ilikuwa ingali ikijengwa, magari yamejipanga kama siafu, na waliosafiri kwa matatu walikuwa wamelipa nauli ambayo nisingependa kuitaja mbele ya watoto. Tulipofika tulimkuta mama mkwe jikoni, peke yake, mbele ya karai la unga, na mikono yake ingali na rangi ya matunda ya kahawa aliyoyachuma mchana ule. Kesho yake walikuja watu wapatao thelathini. Tukala, tukaimba, tukaosha vyombo, tukalala. Tarehe 27 tukaondoka, mume wangu akipanga mikungu ya ndizi ndani ya buti la gari huku akitazama saa.

Tulipofika Makutano, binti yangu wa kwanza, aliyekuwa na umri wa miaka kumi, akaniuliza: "Mama, nyanya alisema nini aliponishika mkono?"

Sikujua. Nilikuwa nikitafuta kiatu cha mdogo wake. Nilimwuliza baba yake, naye hakusikia. Mkongwe yule alimshika mjukuu wake mkono, akamwambia maneno marefu kwa Kiembu, na mtoto akaitikia kwa kichwa kwa sababu ya adabu, asielewe hata neno moja. Na yafaa niongeze kwamba mtoto huyo, kwa desturi ya Waembu na jirani zao, akiwa binti wa kwanza, amebeba jina la mama ya baba yake. Jina analo, lugha hana. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwatolea wanafunzi wangu methali isemayo chelewa chelewa utakuta mwana si wako, ili wachanganue sarufi yake. Siku hiyo pale Makutano haikuwa tena mfano wa sarufi.

Nilijitetea moyoni kama watetezi wote. Kiembu si lugha inayokufa. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Waembu wapatao laki nne, na katika soko la Kibugu hakuna asiyekisema. Lakini mimi ndiye nisimamaye mbele ya darasa nikieleza jinsi lugha inavyokatika katika nyumba moja kwanza, kabla haijakatika katika nchi. Hukatika taratibu, pasipo uadui wowote, kwa sababu ya ratiba.

Mwaka uliofuata nilikataa ratiba. Shule zilikuwa zimefungwa. Nikawachukua watoto na kapu la insha, tukaenda Kibugu Jumamosi ya tarehe 9 Desemba 2023, siku kumi na sita kabla ya sikukuu. Mume wangu aliahidi kutufuata. Sikwenda kwa nia ya kufundisha lugha, la hasha. Nilikwenda kwa nia ya kupunguza kazi, ili siku yenyewe itukute tumekwisha tangulia. Na huko ndiko nilikotambua jinsi nilivyokuwa mjinga wa mambo ya nyumba niliyoolewa.

Nilidhani nimekuja mapema. Kumbe nilikuwa mtu wa mwisho kufika. Krismasi ya mama mkwe ilikuwa imeanza mnamo Agosti, alipomtenga mbuzi mmoja na kuanza kumlisha kando. Septemba, kabla ya mvua za vuli, alipogoa matawi ya miti ya grevilea iliyo kati ya mikahawa, akapasua kuni na kuzipanga chini ya upenu. Mwaka huo ulikuwa wa mvua za El Nino, mvua iliyofanya barabara kuwa matope na mito kufurika nchini kote, na katika vijiji vingi watu walipikia kuni mbichi huku wakitokwa na machozi; kwake kuni zilikuwa kavu kau. Oktoba huja bonasi ya majani chai. Kwanza hulipa deni, kisha karo ya wajukuu, na kinachobaki hugeuzwa mara moja kuwa unga wa ngano, sukari na mafuta, kabla wenye maduka hawajakumbuka kwamba Desemba inakuja. Kikundi chake cha akina mama nacho huchanga kidogo kidogo mwaka mzima, na mwishoni hugawana, si fedha, bali vyakula. Wanaume wana chama chao cha ng'ombe, ambaye huchinjwa mkesha na nyama yake kupimwa kwa mizani, na kelele ya kugawana hiyo nyama ni fasihi simulizi inayojitegemea.

Nilimwuliza kwa nini haraka yote hiyo. Akanitazama kama nitazamavyo mwanafunzi asiyesoma. "Mwanangu," akasema, "kahawa haijui Krismasi."

Ndiyo siri yenyewe. Katika miteremko ile msimu mkuu wa kahawa huanza Oktoba na kufika Desemba. Tunda likiiva ni lazima lichumwe, na likichumwa ni lazima lifike kiwandani siku hiyo hiyo limenywe, kwa sababu likilala ndani ya gunia huanza kuchacha na ubora wake hushuka, na bei nayo hushuka pamoja nao. Majani chai ndiyo yasiyo na msimu kabisa. Huchipuka na kudai kuchumwa mwaka mzima. Vibarua hulipwa kwa debe, na debe husimamiwa. Kwa hiyo mkulima wa Kibugu hawezi kungoja wiki ya sikukuu ndipo ajiandae. Wiki hiyo si yake. Sisi wa mjini tunaokwenda tarehe 24 tukadhani kwamba tunamletea Krismasi ndani ya buti la gari, humkuta amemaliza kila kitu isipokuwa zile kazi zisizoweza kufanywa mapema, ambazo ndizo zinazohitaji mikono mingi.

Nikumbushe hapa, kwa kuwa siwezi kujizuia, kwamba neno maandalizi na neno maandazi ni watoto wa mama mmoja, nao ni kitenzi kuandaa, ambacho tangu kale kimehusu hasa kutayarisha chakula na kukiweka mbele ya watu. Nalo neno sikukuu lina safari yake. Wamisionari wa Kianglikana walipofungua kituo Kigari, si mbali na Kibugu, mwaka 1910, huko bara hapakuwa na Krismasi. Jina la siku hiyo ilibidi lipande kutoka pwani. Jirani zetu Wagikuyu, ambao lugha yao haina sauti s, wakalipokea wakaliita thigũkũ: s ikawa th, na k ya kwanza, ilipojikuta imetangulia k nyingine, ikalegea ikawa g. Sisi wanaisimu huiita hiyo sheria ya Dahl, na Kiembu nacho huitii. Fungu la insha nililokuwa nimebeba kapuni lilihusu sheria hiyo hiyo. Pwani nako, kwa waliolitoa neno, rafiki yangu mmoja wa Mombasa huniambia kwamba Idi bila ya zile siku za mwisho za Ramadhani, nyumba ikisafishwa pembe kwa pembe na visheti vikikaangwa usiku, ni mlo tu.

Basi tulikaa. Asubuhi watoto walikwenda kahawani na nyanya yao, wakarudi wamelowa na wamechanika soksi. Alasiri mvua ilipoanza, tulikaa barazani kuchagua njavi. Njavi ni yale maharage meusi yenye mstari mweupe ambayo Wagikuyu huyaita njahi; penye h yao, Kiembu aghalabu huweka v, na mtu aweza kujua asili ya msemaji kwa sahani moja ya chakula. Kuchagua njavi za watu thelathini si kazi ya saa moja. Ni kazi ya mikono iliyo na shughuli na midomo isiyo na shughuli.

Siku ya kwanza mama mkwe alizungumza na wajukuu wake kwa Kiswahili chake cha sokoni, nao wakamjibu kwa Kiswahili chao cha Nairobi, ambacho sitakitolea maoni hapa. Siku ya pili alichoka. Akaanza kusema Kiembu tu, si kwa kuwafundisha, bali kwa sababu ungo ulikuwa mkononi na hakuwa na nafasi ya kutafsiri. Punje iliyotobolewa na mdudu ina jina. Iliyosinyaa ina jina lake. Makapi yana jina, na kile kitendo cha kuyarusha juu yakachukuliwa na upepo kina kitenzi chake, kama Kiswahili chenyewe kilivyo na kupepeta na kupeta, na pumba, wishwa na chenga ambazo watoto wangu hawakuwa wamezisikia pia. Binti yangu alikosea, akatupa nzuri akabakiza mbovu, nyanya akamrudishia kiganja na kutaja neno, akakosea tena, neno likarudi. Kufikia siku ya tano alikuwa akimkemea mdogo wake kwa neno lilo hilo, na kwa mkazo ule ule wa nyanya yake, hata mimi nikageuka kutazama ni nani aliyesema.

Sitaki msomaji adhani kwamba palikuwa peponi. Kazi za sikukuu huwalemea wanawake, na kuziwahi mapema hakuziondoi. Huweza hata kuzirefusha. Wake wa mashemeji zangu wanaoishi pale hawakufurahia sana kumwona mhadhiri aliyekuja wiki mbili mapema "kusaidia" huku kalamu nyekundu ikiwa sikioni. Mmoja wao aliniambia waziwazi kwamba msaada wangu wa miaka iliyotangulia ulikuwa ni kula. Tulipatana baada ya kugawana kazi upya. Mume wangu alipofika tarehe 16 alikuta amepangiwa kuchimba shimo la kuivishia ndizi, kulitandika majani makavu ya mgomba na kulifunika, na pia kusugua masufuria makubwa ya kikundi yaliyokuwa meusi tangu Krismasi iliyopita. Alitaka kujua ni nani aliyeandika ratiba hiyo. Nilimwambia yeye ndiye mpenda ratiba.

Mchele tulikuwa tumeununua njiani pale Wang'uru, mpya kutoka mashamba ya Mwea, na nikafundishwa kwamba mchele mpya hautaki maji mengi kama ule uliokaa. Uji wa wimbi ulitiwa kibuyuni siku tatu kabla. Mambo mengine hayakuwa na hadithi.

Siku moja jioni, binti yangu alimwuliza nyanya yake, kwa maneno machache aliyokuwa nayo na mengine niliyomwazima, alimwambia nini mwaka uliopita alipomshika mkono. Mkongwe akacheka. Hakukumbuka. Alisema huwaambia wote wanaoondoka mambo mengi, kwa sababu huondoka haraka. Kisha akamwelekeza aingize kuku ndani kabla giza halijaingia, naye mtoto akaenda bila ya kunitazama ili nimtafsirie.

Tarehe 25, baada ya ibada, mama mkwe aliketi. Nasema aliketi, kwa kuwa katika ndoa yangu yote sikuwa nimewahi kumwona ameketi siku hiyo kabla ya jua kuzama. Aliketi kwenye kiti chini ya mparachichi, chapati zikiletwa na watu wengine, akila polepole na kusahihisha matamshi ya wajukuu kila walipopita.

Insha arobaini na mbili zilibaki bila kusahihishwa mpaka Januari. Nilipozirudisha, mwanafunzi mmoja aliuliza, kwa adabu nyingi, doa lile la mafuta pembeni mwa jibu lake kuhusu sheria ya Dahl lilikuwa ni la nini. Nilimwambia ni chapati.