Risasi ya Pili

Anayenunua bunduki ya kuwindia huuliza kwanza inapiga umbali gani. Swali hilo halinisumbui. Bunduki ya bolti iliyotengenezwa vizuri, ikishikwa na mtu mtulivu, hupiga ndani ya upana wa kiganja katika mita mia moja, na mwindaji wa porini hahitaji zaidi ya hapo. Ninalouliza mimi ni hili: umeshapiga mara moja, mbogo hakuanguka, ameingia kichakani, na mkono wako unatetemeka. Je, risasi ya pili itaingia chemba?

Risasi ya kwanza huiandaa mwenyewe, kwa utulivu, na muda unao. Ya pili inategemea jinsi bunduki ilivyoundwa na jinsi ulivyoitunza. Makala haya yanahusu hiyo ya pili.

Kabla ya hapo, sheria. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania inauruhusu kwa kibali, chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na umiliki wa silaha unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Anza na leseni, ndipo uende dukani.

Ukucha wa Mauser

Kwenye bunduki ya bolti kazi yote ni ya mkono wako, maana hakuna gesi ya kukusaidia kama ilivyo kwa bunduki zinazojipakia zenyewe. Unainua mpini na kuuvuta nyuma, ganda linatoka. Unausukuma mbele, bolti inachukua risasi mpya kwenye magazini na kuiingiza chemba. Ukiubana mpini chini, masikio mawili yaliyo mbele ya bolti yanajifunga kwenye chuma cha mwili wa bunduki na kuhimili nguvu ya mlipuko.

Mfumo unaoigwa hadi leo ni wa Mjerumani Paul Mauser wa mji wa Oberndorf, uliopitishwa na jeshi la Ujerumani mwaka 1898. Siri yake ipo ubavuni mwa bolti: ukucha mrefu wa chuma cha springi, usiozunguka bolti inapozunguka. Risasi inapopanda kutoka kwenye magazini, kitako chake huteleza chini ya ukucha huo na kushikwa hapohapo, kabla haijafika chemba. Tangu hapo haiachiwi mpaka itupwe nje. Hata ukiigeuza bunduki juu chini, risasi haidondoki. Na ukivuta bolti nusu kwa papara, kisha ukasukuma tena, bado ni ileile moja iliyoshikwa.

Mfumo wa pili, kama wa Remington 700 ya mwaka 1962, husukuma risasi mbele bila kuishika. Ukucha wake mdogo huikamata bolti inapofungwa kabisa. Ni mfumo mwepesi na wenye shabaha nzuri, na kwa swala hautakuangusha. Udhaifu wake hujitokeza mwenye bunduki anapohamanika. Akisukuma bolti bila kuifunga, kisha akaivuta, risasi hubaki chemba. Akisukuma tena, ya pili huigonga ile ya kwanza kwa nyuma, na bunduki inakwama ikiwa na risasi mbili mlangoni mwa chemba.

Winchester waligundua uzito wa jambo hili kupitia mifuko ya wateja. Model 70 yao ilitoka mwaka 1936 ikiwa na ukucha mrefu. Mwaka 1964 wakauondoa ili kupunguza gharama, na wawindaji wakaanza kusaka zile za zamani kwa bei kubwa kuliko mpya. Miaka ya 1990 kampuni ikaurudisha.

Ukucha mrefu nao una masharti yake. Risasi ipitie magazini daima. Ukiitumbukiza moja kwa moja chembani na kuibamizia bolti, katika bunduki nyingi za aina hii unaulazimisha ukucha kupanda juu ya kitako cha risasi, na siku moja utavunjika.

Jaribio la dukani

Omba risasi bandia tano za kaliba ileile, zisizo na baruti wala fataki. Elekeza mtutu mahali salama, zijaze kwenye magazini, uzipitishe zote polepole. Rudia kwa kasi, kisha bunduki ikiwa imelala ubavu, kisha ikiwa juu chini. Mwisho vuta bolti nusu makusudi, usukume tena. Isikwame hata mara moja. Angalia pia jinsi risasi zinavyotoka: kwenye Mauser kipande imara cha chuma ndicho kinacholitupa ganda, hivyo ukivuta taratibu linaanguka karibu na mguu wako, na ukivuta kwa nguvu linaruka mbali. Kwingine kazi hiyo hufanywa na kitufe chenye springi usoni mwa bolti, na kitufe hicho kikiingia uchafu huganda.

Sefti nayo ichunguzwe. Iliyo bora hufunga pini inayogonga fataki, haiishii kwenye triga tu. Yenye hatua tatu ina nafasi ya katikati ambapo pini imefungwa lakini bolti inafunguka, kwa hiyo unaitoa risasi chemba bila hatari.

Kisha ipime kwa mwili wako. Funga macho, inua bunduki begani ulivyozoea, fumbua. Kama unaona moja kwa moja kwenye vilengeo bila kunyoosha shingo, kitako hicho ni chako.

Ukinunua iliyotumika, linganisha namba ya bolti na ya mwili wa bunduki. Bolti iliyotoka kwenye bunduki nyingine inaweza kuingia vizuri kabisa na bado ikaacha nafasi nyuma ya risasi, ganda likapasuka usoni pako. Namba zisipofanana, fundi aipime kwa geji kabla hujaipiga.

Kaliba isiyo ya kujionyesha

Kwa nyati na wakubwa wenzake, kaliba .375 imezoeleka Afrika kuwa kiwango cha chini. Ile ya Holland & Holland, iliyotoka mwaka 1912, hurusha kichwa cha risasi cha takriban gramu 19. Ukiishika mkononi utaona ganda lake limechongoka kuelekea mbele. Umbo hilo huifanya iteleze kuingia chemba, na ganda likishapigwa hujinasua mapema, hata siku ya joto kali.

Wapo watakaokutajia Mskoti W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja, Uganda, na kuua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa Mauser ya milimita 7. Ni kweli, lakini Bell alijua maumbile ya tembo kwa ndani, na alipiga kwa utulivu ambao wengi wetu hatuna. Chagua kaliba kubwa unayoweza kuipiga bila kufumba macho, usiipite hiyo.

Chumvi, vumbi na mafuta

Mwaka 1915, vita vikiendelea, meli ya Kijerumani Rubens iliingia Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, na shehena ya silaha zikiwemo Mauser za 98. Ilishambuliwa na manowari ya Kiingereza, na sehemu kubwa ya shehena ikaja kuokolewa. Bunduki zilifutwa zikatumika. Risasi zilizolowa maji ya bahari ndizo zilizowatoa Wajerumani jasho: ilibidi zifunguliwe, zikaushwe na kufungwa upya. Anayeishi pwani akumbuke hilo. Upepo wa Pangani au Saadani una chumvi, na ala ya ngozi au sanduku lenye sponji hufuga unyevu. Bunduki ikae nje ya ala, ndani ya kabati la chuma lililofungwa kwa kufuli, ikiwa imepakwa mafuta kiasi cha kung'aa tu. Alama za vidole zifutwe kila jioni, kwani jasho nalo ni chumvi.

Bara adui ni vumbi, na hapo mafuta mengi hugeuka kuwa tope. Wakati wa kiangazi ndani ya bolti pawe karibu pakavu. Grisi kidogo, kiasi cha kichwa cha kiberiti, ipakwe nyuma ya yale masikio mawili, basi. Chemba ikaushwe kabisa kabla ya kupiga. Ganda lenye mafuta halishiki kuta za chemba, na mlipuko wote huielemea bolti.

Kusafisha, chomoa bolti na uingize mdeki kwa nyuma. Ukiingizia mdomoni unakwaruza ukingo wa mwisho ambao risasi huugusa inapoaga, na shabaha hupotea hapo. Brashi ya shaba ipite hadi itokeze mbele ndipo uirudishe. Kama umetumia risasi za zamani za kijeshi, ambazo fataki zake huacha chumvi, osha mtutu kwa maji ya moto, ukaushe, ndipo upake mafuta.

Kitako cha mbao huvimba kwa unyevu na kusinyaa kwa ukavu. Katika bunduki ambayo mtutu umeachwa huru, pitisha noti kati ya mtutu na mbao. Ikikwama, mbao imegusa chuma na risasi zitahama. Baada ya safari ndefu ya barabara mbovu, kaza skrubu za darubini na upige tatu za kuhakikisha kwenye shabaha.

Na kila asubuhi kabla ya kupakia, toa bolti, utazame ndani ya mtutu dhidi ya mwanga. Nyigu wa udongo hujenga popote penye tundu, na tope la mtoni haliombi ruhusa. Mtutu ulioziba ukipigwa hupasuka.

Zile risasi bandia tano za dukani usizitupe. Zihifadhi mbali na risasi za kweli, na kila msimu unapokaribia zipitishe tena: polepole, kwa kasi, ubavu, juu chini. Siku moja ikikwama, mpelekee fundi kabla hujaenda porini.