Ngoma za Kibiti zinakufa kimya kimya, kwani sisi hatujui kuaga?

Hebu nikuulize msomaji wangu, na unijibu kwa moyo mweupe: ni lini uliwahi kwenda kuangalia shoo huku ukijua kabisa kwamba leo ndiyo mwisho, baada ya leo hakuna tena? Fikiri kwanza. Huna jibu, eti? Usijali, tuko wengi. Hapa Bongo bendi inakufa, kikundi cha taarab kinakufa, ngoma ya kijijini inakufa, na sisi tunakuja kushtuka mwaka wa tano, tumekaa kijiweni na kahawa mkononi: "Hivi wale jamaa siku hizi wako wapi?"

Wenzetu wa mbali jambo hilo wamelivalia njuga. Kule New York, mitaa ya Broadway, wana mtindo wa kupiga mchezo mmoja wa kuigiza wenye nyimbo, ukumbi ule ule, jioni baada ya jioni, mpaka watazamaji wenyewe waseme basi. Mmoja wa michezo hiyo unaitwa The Phantom of the Opera, wa yule Mwingereza Andrew Lloyd Webber. Ulianza pale tarehe 26 Januari 1988, ukafungwa tarehe 16 Aprili 2023. Maonyesho 13,981! Mtoto aliyezaliwa usiku ule wa kwanza, siku pazia linashuka ni mtu mzima wa miaka 35, pengine ana wanawe na mkopo wa kiwanja.

Sasa sikia kichekesho. Septemba 2022 wenye mchezo walitangaza kwamba mwisho utakuwa Februari 2023. Basi watu waliokuwa wamesahau hata kama mchezo upo, wakaanza kugombania tiketi! Ikabidi mwisho usogezwe mbele mpaka Aprili. Yaani msiba umetangazwa, waombolezaji wamefurika, mazishi yakaahirishwa. Na usiku wenyewe ulipofika, waigizaji wa miaka ya nyuma wakaitwa jukwaani. Lloyd Webber alikuwa amefiwa na mwanawe, Nick, wiki tatu tu kabla. Akautoa usiku ule kwa ajili ya kijana wake. Hapo hata kama wewe ni jiwe, lazima machozi yakulengelenge.

Mpaka hapo poa. Ila waliponikera ni mlangoni. Usiku wa mwisho ulikuwa wa waalikwa, na mashabiki wa kawaida wakaachiwa bahati nasibu ya tiketi chache. Wale waliokuwa wanajinyima wapate kuingia, mwaka baada ya mwaka, ndio wakae nje? Nyie! London walifanya kiungwana zaidi. Mchezo mwingine wa huyo huyo Lloyd Webber, Cats, ulifungwa huko tarehe 11 Mei 2002, siku ile ile uliyotimiza miaka 21. Wakafunga skrini kubwa nje, pale Covent Garden, asiye na tiketi naye akaangalia bure. Hiyo ndiyo naiita kuaga.

Najua utasema: dada, Broadway na Kibiti wapi na wapi? Tulia. Kibiti ndiko kwetu, barabara ya Kilwa, pale mabasi ya Lindi na Mtwara yanapopumzika na wewe unanunua korosho kwa dirishani bila kujua uko wilaya gani. (Zamani ilikuwa Rufiji, sasa ni wilaya yake yenyewe.) Na ngoma ya kwetu ni mchezo wa kuigiza wenye nyimbo kama huo wa Broadway, ila wa kwetu hauna mlango wala kiti. Mama mmoja anaanzisha, wenzake wanaitikia. Mwingine anatoka katikati, amejifunga kitambaa kama kilemba, anaigiza mume mlevi anayerudi alfajiri. Wa tatu ni mke mwenza, anamsuta. Watu wanavunjika mbavu, wanatunza, wimbo unageuka, hadithi inasonga mbele. Mavazi yapo, waigizaji wapo, na nyimbo zenyewe zimerithiwa kutoka kwa bibi wa bibi. Yapo na mengine yanayoimbwa ndani, kwa wali peke yao. Hayo siyaandiki, makungwi wa kwetu wanasoma magazeti.

Na msimu upo. Mpunga ukiwa bado shambani watu wako huko huko kwenye madungu yao, wanafukuza ndege na nguruwe, nani ana muda wa ngoma? Mpunga ukishavunwa, na hela za korosho zikishaingia, ndipo utasikia. Wa delta wanakuja kwa mitumbwi na mashua kupitia vijito vya mikoko, na mwenye chombo anaangalia maji. Yakipwa umekwama kwenye tope, unalala huko huko na mbu. Kwa hiyo ukiona watu wa Mbwera au Salale wamejazana uwanjani, ujue wamepiga hesabu ya maji kujaa kwanza. Nani wa Broadway anapata watazamaji wa namna hiyo?

Sasa ngoma hizo zinazimika, na kila moja inazimika bila mtu kujua kwamba ule wa juzi ndio ulikuwa usiku wa mwisho. Spika kubwa na singeli zimechangia, hilo sikatai, na mimi mwenyewe singeli nacheza, sina unafiki. Lakini Kibiti kuna na jambo zito zaidi, ambalo watu wa Dar mmelisahau haraka. Kuanzia 2015 mpaka 2017 watu wetu waliuawa, viongozi wa vijiji na polisi. Tarehe 13 Aprili 2017, pale Mkengeni, waliuawa askari wanane kwa mpigo. Mwezi uliofuata ikatoka amri: bodaboda Kibiti, Rufiji na Mkuranga mwisho saa 12 jioni. Ngoma ya kwetu inaanza baada ya isha na kuisha alfajiri. Bila pikipiki mpigaji hafiki, mwimbaji hafiki, mtazamaji anafunga mlango na komeo. Amri zilikuja zikapita, amani ikarudi, sifa kwa Mungu. Ila kikundi kilichokaa kimya mwaka mzima au miwili si rahisi kuamka, hasa kama waimbaji wake ni watu wa miaka sabini. Wengine walipiga ngoma mwaka 2016, wakazitundika, basi. Usiku ule walisema "tutaonana", kumbe ndiyo imetoka.

Na si Kibiti peke yake. Bibi Titi Mohamed, yule ambaye barabara ya katikati ya jiji ina jina lake, wazazi wake asili yao Rufiji. Kabla hajapanda jukwaa la TANU mwaka 1955 alikuwa mwimbaji kinara wa kikundi cha ngoma pale Dar kilichoitwa Bomba. (Ndiyo, Bomba. Na nyie mlidhani neno mmelianzisha nyie.) Sauti iliyokusanya akina mama kwenye uhuru ilinolewa kwenye ngoma! Nitajie basi Bomba waliimba mara ya mwisho lini. Au njoo miaka ya karibu: TOT ilianzishwa 1992, marehemu Kapteni John Komba akiwa mbele, na upande wa pili kuna Muungano ya Norbert Chenga. Mashabiki waligawanyika kama Simba na Yanga. Usiku mmoja ulipata ngoma, sarakasi, vichekesho, igizo, na mwisho taarab, Khadija Kopa na Nasma Khamis wakirushiana mipasho mpaka watu wanapanda juu ya viti. Shoo ya namna ile, yenye kila kitu ndani yake, ilipukutika kidogo kidogo kama embe za mwisho wa msimu. Komba tulimzika mwaka 2015. Shoo ile nani aliizika, na siku gani?

Kenya walipata la kwao, baya zaidi. Kule Kamirithu, Limuru, wanakijiji walijijengea jukwaa la wazi wakacheza Ngaahika Ndeenda, mchezo wenye nyimbo za Kikikuyu ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Ulianza tarehe 2 Oktoba 1977, na tarehe 16 Novemba serikali ikafuta kibali. Wiki sita tu! Hakuna wa kusema kwaheri. Mwaka 1982 polisi wakabomoa jukwaa lenyewe. Basi ule mchezo ukawa kama mtu aliyepotea baharini, familia haijui ifunge matanga au iendelee kungoja. Ulirudi Nairobi mwaka 2022, miaka 45 baadaye.

Nimeyaandika yote haya kwa sababu nina kesi nyumbani. Nina shangazi yangu Bungu. Kikundi chao cha akina mama kilikuwa na watu zaidi ya ishirini, leo wamebaki sita, na mmoja kati ya hao sita magoti hayamruhusu hata kuinuka kitini bila kushikwa. Ngoma zao zimetundikwa jikoni zipate moshi, wadudu wasile ngozi. Mwaka huu vijana wa ukoo tumesema: shangazi, kama mmechoka, pumzikeni, lakini fanyeni usiku mmoja wa mwisho, tuwaage. Akatutazama kama tumemtukana. Kwake yeye kuaga ukiwa mzima ni uchuro. Mtu anaagwa akiwa ndani ya sanduku, ngoma haiagwi, inapumzika tu.

Shikamoo shangazi, lakini hapo naomba nikubishie kupitia gazeti, maana nyumbani hunipi nafasi. Pwani hii tunajua sana kufunga mambo kwa furaha. Mwali anakaa ndani miezi, anafundwa, na siku ya kutolewa inajulikana mapema, watu wanaalikwa, wali unapikwa wa sufuria kubwa, mwali anabebwa mabegani juu juu amependeza, anatunzwa. Baada ya siku ile yeye si mwali tena, na hakuna anayelia kwamba mwali amekufa! Ametoka. Ndivyo ningependa nyimbo zenu zitolewe. Broadway hawakugundua kitu. Tofauti yao na sisi ni kwamba wao walitangaza tarehe.

Basi itangazwe. Baada ya malipo ya korosho, watu wana chochote mfukoni, na iwe siku za bamvua, maji yajae vizuri, wa delta wafike na warudi. Itangazwe misikitini, gulioni, stendi ya Kibiti, na Mbagala pia, maana nusu ya Kibiti inaishi Mbagala. Mikeka ya mbele ikaliwe na waliowahi kucheza, hata aliyecheza msimu mmoja akaolewa Ikwiriri. Wakiweza kusimama wasimame na wenzao, wakishindwa waitikie wamekaa. Kabla ngoma haijapashwa moto wasomewe dua waliotangulia, wakitajwa jina kwa jina, na kila mtu amtaje wa kwake. Hilo lisifanywe haraka haraka.

Halafu, jamani, nawaomba sana: mgeni rasmi asiwepo. Mnanielewa. Anaalikwa saa mbili, anafika saa tano, ngoma zimeshapoa zinapashwa upya, tena anasomewa risala ya kurasa nne yenye maombi ya bati. Naye anajibu kwa nusu saa, anaahidi, anaondoka na msafara wake, na nusu ya watu wanaondoka kuangalia magari. Akina mama wameimba miaka hamsini, usiku wao wa mwisho wapewe dakika kumi na tano? Kama kiongozi anataka kuja aje, akae mkekani, atunze kama wengine.

Simu najua zitatolewa. Nyimbo za harusi zirekodiwe tu, tena mtu mmoja mwenye simu nzuri apewe kazi hiyo, asiwe anajipiga picha yeye. Za ndani ya unyago zisirekodiwe, mwiko ubaki mwiko. Na yule kijana wa spika naye mimi simfukuzi. Akae kimya usiku kucha, asikilize. Kukipambazuka aruhusiwe kuwasha, vijana wacheze, wazee waende kulala. Kuna singeli ngapi zingependeza kwa zile nyimbo?

Jambo gumu ni zile ngoma zenyewe. Phantom ilipofungwa, mabaki yake ni mali ya kampuni. Za shangazi ni za nani? Nasema zitoke mkononi mwao mbele ya watu wote, apewe binti mmoja anayejulikana, aliyeonyesha nia, na wote tumwone akipokea. Zikirudi jikoni tena, wajukuu watakuja kuziuza kwa watalii wa Mafia wanaopitia Nyamisati, na hilo mnalijua. Na kikundi kikishaaga, kimeaga. Tusije tukafanya kama wale wanamuziki wanaostaafu kila Disemba.

Ujumbe wote huu nilishampelekea shangazi kwa simu, kipande kwa kipande. La uchuro hajalikubali. La mgeni rasmi amelicheka sana, akalipenda. Jumapili iliyopita akapiga mwenyewe, hela yake mwenyewe, jambo ambalo si kawaida yake. Kasema kama ni lazima, basi ule wimbo wa kufungia hatauimba yeye. Atakaa mkekani, tumwimbie. Kwa hiyo sasa kuna mabinti wanne Bungu na mmoja Mbagala wanajifunza maneno, na huyo wa Mbagala bado anakosea ubeti wa tatu.