Dawa za usingizi na za kutuliza: kwa nini haziachwi gafula, na nani anaweza kusaidia Masisi na Walikale

Mtu amekimbia vita mara mbili, mara tatu. Shamba limebaki nyuma, usiku mlango ukilia kidogo anaruka. Anaenda kununua dawa ya usingizi, na kidonge kimoja kinamlaza. Mwezi unapita, mwaka unapita, na kidonge kimoja hakitoshi tena. Siku anataka kuacha, ama siku dawa inakosekana sokoni, mikono inaanza kutetemeka, jasho linatoka, moyo unapiga mbio, usingizi unapotea kabisa. Wa jamaa wanasema ni malaria. Jirani anasema ni wazimu, ama amerogwa.

Kumbe mara nyingi ni mwili unaodai dawa ambayo umeizoea. Hali hiyo inajulikana na ina namna ya kutunzwa. Kosa kubwa ni kupambana nayo peke yako, na kosa la pili ni kuacha kwa siku moja.

Ni dawa gani hizi?

Inayojulikana zaidi ni diazepam. Watu wengi wanaiita Valium, jina la biashara ambalo liliingia sokoni mwaka 1963. Ndugu zake ni bromazepam, lorazepam, alprazolam na clonazepam.

Si dawa mbaya. Diazepam iko kwenye orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani, OMS. Inaokoa mtoto aliyeshikwa na degedege, inasaidia mgonjwa wa kifafa ambaye mshtuko wake hauishi, na inatumika hospitalini kwa mtu anayeachishwa pombe. Shida inaanza pale mtu anapoinywa kila usiku kwa muda mrefu, bila muganga kumfuata. Kisheria ni dawa ya kutolewa kwa karatasi ya muganga. Lakini katika masoko mengi ya mashariki mwa Kongo inauzwa kimoja kimoja, bila boksi na bila maelezo.

Mwaka 2013 OMS ilitoa ushauri unaowahusu moja kwa moja wakaaji wa maeneo ya vita: mtu mzima aliyepatwa na tukio la kutisha asipewe dawa za kundi hili juu ya hofu au kukosa usingizi katika mwezi wa kwanza. Aliyefiwa naye asipewe juu ya huzuni ya msiba. Sababu ni kwamba dawa inalaza mtu lakini haiponyeshi lile jambo lililomuumiza, na mazoea yanaweza kuanza kisha majuma machache tu.

Kwa nini mwili unazoea?

Fikiria pikipiki inayoteremka mlima. Ubongo wa mtu una breki zake, zinazotuliza hofu na kuleta usingizi. Dawa hizi zinakanyaga breki hizo kwa nguvu. Kila usiku zikikanyagwa na dawa, ubongo unalegeza breki zake wenyewe, kwa sababu kuna mwengine anayefanya kazi hiyo. Dawa ikiondolewa gafula, pikipiki inabaki mteremkoni bila breki.

Ndipo zinakuja dalili: wasiwasi mkubwa, kutetemeka, jasho, misuli kukaza, kelele na mwangaza kuumiza kuliko kawaida, ndoto mbaya. Kwa wengine hali inakuwa mbaya zaidi: kuona ama kusikia vitu visivyokuwepo, na mishtuko kama ya kifafa, ambayo inaweza kuua. Aliyekunywa dawa nyingi kwa muda mrefu ndiye mwenye hatari zaidi.

Kuna jambo linalodanganya watu. Diazepam inakaa mwilini muda mrefu. Anayeiacha leo anaweza kuwa mzima siku kadhaa, akasema amepona, halafu dalili zinaanza juma linalofuata. Kwa lorazepam na alprazolam zinaanza upesi, kisha siku moja ama mbili. Kwa hiyo mtu akifika kwenye kituo cha afya na jasho na kutetemeka, na kipimo cha malaria kikaonyesha hana malaria, ni vema aseme wazi: «Nilikuwa nakunywa dawa ya usingizi, na nimeiacha.» Maneno hayo tu yanaweza kubadilisha matunzo yote.

Somo kutoka Ituri

Jirani zetu wa Ituri waliona hatari nyengine. Kuanzia Desemba 2014 watu walifika kwenye vituo vya afya wakiwa shingo imekaza, ulimi umetoka, macho yamegeuka juu. Kwanza waganga waliogopa ni ugonjwa wa uti wa mgongo na bongo, ile meningite. Waliougua walipita 1000 mbele ya jambo hilo kuisha katikati ya 2015. Vipimo vilionyesha kwamba vidonge vya rangi ya njano hafifu, vilivyouzwa kama diazepam, ndani vilikuwa na haloperidol, dawa nyengine kabisa ya magonjwa makubwa ya akili. OMS ilitoa tangazo la hatari mwezi wa Julai 2015.

Kwa mtu anayetaka kupunguza dawa, somo ni hili: ukinunua vidonge visivyo na boksi, hujui unapunguza nini. Dawa ya kupunguzia itoke kwenye kituo cha afya ama famasi inayojulikana, ikiwa na jina, kipimo na tarehe ya mwisho.

Kupunguza polepole, siyo kukata

Namna iliyothibitishwa ni kupunguza kidogo kidogo. Daktari Heather Ashton, aliyeongoza kliniki ya kuachisha dawa hizi huko Newcastle, Uingereza, kati ya 1982 na 1994, aliona kwamba wanaoenda polepole, kwa mwendo wao wenyewe, wanafika. Waganga wa leo wanashauri kupunguza kati ya sehemu 5 na 10 kwa mia ya kipimo, halafu kungoja majuma mawili hadi manne. Wanaonya pia: isipite sehemu 25 kwa mia ndani ya majuma mawili.

Kwa mfano, mtu anayekunywa miligramu 10 za diazepam kila usiku, yaani vidonge viwili vya 5. Robo ya kidonge kimoja ni miligramu 1 na robo. Muuguzi anaweza kumuondolea robo hiyo, wakangoja majuma mawili au zaidi, wakaona mwili unasemaje, kisha wakaondoa robo nyengine. Akifika kwenye kidonge kimoja tu, robo ile ile imekuwa hatua kubwa, kwa hiyo muda wa kungoja unarefushwa. Kazi yote inaweza kuchukua miezi. Hatua ikiuma sana, wanasimama hapo mpaka mwili utulie, hakuna aibu. Kinachokatazwa ni kuruka siku, leo kunywa na kesho kutokunywa.

Huu ni mfano tu, si karatasi ya dawa. Mwenye mimba, anayenyonyesha, mzee, na mtu mwenye ugonjwa wa mapafu wanahitaji mpango wao. Anayekunywa dawa juu ya kifafa, iwe diazepam, clonazepam ama phenobarbital (ile Gardénal), asipunguze hata robo bila muganga wake.

Nani wa kumuendea?

Wengi wanafikiri hakuna msaada mpaka kufika Goma. Si kweli. Msaada wa kwanza uko karibu.

Muuguzi mkuu wa kituo cha afya, yule watu wanamuita titulaire. Mpelekee mambo matano: jina la dawa (ama boksi lenyewe), unakunywa vidonge vingapi, tangu lini, kama unakunywa pombe au tramadol, na kama umewahi kuanguka kifafa. Muombe aandike mpango kwenye karatasi. Yeye akiona kazi inamzidi, anaweza kupiga simu kwa daktari wa zone ya afya mbele ya kukutuma njiani.

Hospitali kuu. Aliyewahi kupata mishtuko, anayekunywa dawa nyingi sana, ama anayechanganya na pombe, haifai aanzie nyumbani. Hospitali kuu za Masisi na Walikale ndizo za kumuendea. Ya Masisi imesaidiwa na Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, tangu 2007.

Wasaidizi wa kisaikolojia, wale APS. Hawatoi dawa, lakini wanasikiliza lile jambo lililomfanya mtu atafute dawa. Na kusikiliza si kazi ndogo. Utafiti uliotolewa mwaka 2013 ulifuata wanawake zaidi ya 400 wa vijiji vya mashariki mwa Kongo, waliotendewa ubakaji. Waliokutana kwa vikundi, wakiongozwa na wasaidizi wa hapa hapa waliofundishwa kazi hiyo, walipata nafuu kubwa ya huzuni na hofu kuliko waliopata msaada wa kawaida wa mmoja mmoja. Wasaidizi hao hawakuwa madaktari.

Goma na Bukavu. Kwa hali ngumu, kuna kituo cha afya ya akili Tulizo Letu huko Goma, na SOSAME huko Bukavu, vyote vikihusiana na Mabruda wa Upendo. Kutoka Masisi-centre hadi Goma ni kilomita karibu 80, na kutoka Walikale ni mbali zaidi. Ndiyo sababu simu ya muuguzi kwanza ina faida.

Jamaa ifanye nini?

Mtu mmoja anayeaminika ashike vidonge na kumpa kipimo cha kila usiku. Asimfokee akirudi nyuma. Amuondolee pombe, kasiksi na kanyanga: pombe pamoja na dawa hizi zinaweza kusimamisha pumzi. Chai na kahawa zisinywewe jioni. Kazi ya shamba mchana, kutembea, na saa ile ile ya kulala kila siku vinasaidia breki za mwili kurudi.

Maombi yana nafasi yake, na kanisa ama msikiti unaweza kuwa mahali pa kwanza mtu anapokubali kusema. Lakini mchungaji, padri au imamu asimwambie mtu atupe vidonge siku hiyo ili kuonyesha imani. Anayepunguza dawa anahitaji pia chakula na maji; kufunga siku nyingi si wakati wake.

Vita vikikata njia

Hapa kwetu wengi hawaachi dawa kwa kupenda. Dawa inawaacha. Januari 2025 mapigano yalifika Masisi-centre, na Machi 2025 yakafika Walikale-centre. Watu walitoka mbio. Mtu akikimbilia porini bila vidonge vyake anaanza siku hiyo kile ambacho kingehitaji miezi.

Kwa hiyo maandalio ni mbele ya mbio. Andika jina la dawa na kipimo kwenye karatasi, ifunge kwa mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya uchaguzi. Ukiona dawa inapungua na barabara imefungwa, usingoje kidonge cha mwisho: mwone muuguzi mapema, agawe zilizobaki zitoshe kwa kushuka polepole. Ukifika kwenye kambi ama kijiji kipya, muonyeshe muuguzi wa hapo karatasi yako siku ya kwanza, hata kama hujisikii mgonjwa. Usizibe pengo kwa pombe wala kwa tramadol.

Dalili zisizongoja kesho

Mpeleke mtu hospitalini upesi ukiona moja ya hizi: anashikwa na mishtuko, haelewi yuko wapi ama anaona vitu visivyokuwepo, shingo, taya ama ulimi vinakaza, ana homa kali, analala na hamuwezi kumuamsha, ama anapumua polepole sana, anasema anataka kujiua. Huyu wa mwisho asiachwe peke yake hata dakika moja, na vidonge vyote viondolewe karibu naye.

Anayeshikwa na mshtuko alazwe kwa ubavu, vitu vigumu viondolewe karibu naye, asitiwe kijiko wala kitu chochote mdomoni. Na anayemsindikiza abebe boksi la dawa, ama ile karatasi. Ndicho kitu cha kwanza muganga atakachouliza.